Kliniki ya watoto hapa Mwanza: nyota moja, labda mbili

Jina la kliniki silitaji. Nasema tu kwamba ni ya kulipia, ina daktari bingwa wa watoto, na niliambiwa nikifika pale nimefika.

Kilichonipeleka ni damu. Haikuwa nyingi. Ni vijiuzi vyekundu ndani ya makamasi, kwenye pampasi ya mtoto ambaye alikuwa hajawahi kuonja hata maji, ananyonya tu. Mashavu yake yalikuwa yanakwaruza kama msasa, na usiku anakunja miguu na kulia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Magu kunisaidia uzazi, akasema ni chango, tena maziwa yangu mepesi. Dawa ya maziwa mepesi kwake ni maziwa. Asubuhi chupa nzima ya chai imejaa maziwa, mchana uji wa maziwa, jioni ugali na maziwa ya mgando. Mtoto akilia zaidi, naongezewa kikombe. Namshukuru kwa moyo wote, asielewe vibaya mtu, sijawahi kulelewa vile maishani.

Basi siku hiyo, ilikuwa kipindi cha mvua maana nakumbuka matope ya Igoma, niliifunga pampasi kwenye mfuko, nikaufunga na mwingine juu yake, nikapanda nayo daladala huku nimebana mkoba kwapani nisije nikawanukishia abiria wenzangu. Mapokezi wakachukua hela kwanza. Tukakaa kwenye foleni mpaka jua la utosi.

Kuingia ndani, dokta yuko kwenye simu. Akamaliza, akauliza shida nini. Nikamwambia, nikafungua mkoba, nikasema, "Dokta, nimekuja na choo chake ukione." Akasukuma kiti nyuma.

"Mama, hapa si maabara. Toa hicho kitu mezani kwangu."

Hakikuwa mezani. Kilikuwa mkononi mwangu. Nimeirudia hii sentensi kichwani mara nyingi kuliko sala.

Akasema ni aleji ya maziwa ya ng'ombe, niache kunyonyesha, nimpe maziwa ya kopo ya aina fulani, akaandika jina. Nikauliza, jamani, mtoto huyu hajawahi kunywa maziwa ya ng'ombe, ananyonya kwangu, sasa ng'ombe katokea wapi? Akanijibu huku anaandika: "Kwani mama umesomea wapi?"

Nimesomea ushonaji. Sikumjibu. Niliangalia saa ya ukutani natoka: dakika nne. Mtoto hakumvua hata soksi.

Kopo lile halikuwepo. Nilizunguka maduka ya dawa ya mjini mpaka miguu ikawaka moto, mwisho dada mmoja akaniambia ana lingine "lisilo na laktosi, ni yale yale." Nikalipa. Bei yake ilikaribia kodi yetu ya mwezi, na si yale yale hata kidogo. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mtoto mwenye aleji anakataliwa na protini, na protini ya ng'ombe ilikuwemo humo kopo zima. Hayo niliyajua hela ikiwa imeshalala kwenye droo ya mwenye duka. Kopo lenyewe leo naweka vifungo.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mama mkwe akasema maziwa ya mbuzi. Jirani akasema minyoo, kwa mtoto asiyekula kitu. Daktari wa hospitali nyingine, mpole, alitoa damu ya mtoto akapima, majibu yakaja safi, akasema hana aleji yoyote, niendelee kama kawaida. Nikaendelea kama kawaida na kikombe changu. Damu nayo ikaendelea kama kawaida.

Aliyenitoa shimoni ni nesi wa kituo cha afya, mama mtu mzima, siku ya chanjo ya wiki ya kumi na nne. Aliifungua ile pampasi (ndiyo, nilibeba nyingine) akaiinamia dirishani penye mwanga, hakuziba pua. Akatazama kadi, uzito unapanda. Akauliza kama amewahi kuvimba midomo au kupumua kwa shida, nikasema hapana. Halafu akauliza swali ambalo hakuna binadamu mwingine alikuwa ameniuliza:

"Na wewe mwenyewe unakula nini, mwanangu?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Chai ya maziwa, uji wa maziwa, mgando... Nilipofika kidole cha nne akaanza kucheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Akanieleza kwamba ninachokunywa kinapita kidogo kwenye titi. Kunyonyesha nisiache. Niache ng'ombe mimi, wiki mbili mpaka nne: maziwa, mgando, samli, siagi, na biskuti zile nisome pakiti kwanza. Mbuzi naye nimwache, protini zao karibu zinafanana. Kuhusu kile kipimo, akasema kuna aleji ya haraka, hiyo mara nyingi damu inaonyesha, na kuna ya kuchelewa, ya tumboni, ambayo kipimo kile hakiioni. Mifupa yangu nisiihofie, nile dagaa wazima na mifupa yao. Dagaa, Mwanza! Tena bure, sikulipa hata mia.

Kumwambia mama mkwe ndiyo ilikuwa kazi. Alininunia siku tatu. Siku ya nne akanichemshia chai ya rangi mwenyewe, akaniwekea karanga pembeni, hakusema neno.

Wiki ya pili vile vijiuzi vilikatika. Mashavu yalichelewa kidogo. Nesi alikuwa ameniambia nikishaona nafuu nionje tena, ili tujue kweli ni hiyo. Nikanywa chai ya maziwa kwa siku mbili. Siku ya tatu nafungua pampasi, uzi mwekundu huu hapa. Nilifurahi kama nimeokota hela, Mungu anisamehe.

Sasa hapa ndipo ninapokwama na nyota zangu. Yule bingwa alipatia! Ukimtoa nesi, wote waliokuwa wapole kwangu walikosea, na yeye asiyetaka hata kuangalia aliutaja ugonjwa kabla kiti changu hakijapata joto. Angeongeza dakika ya tano akaniuliza nakula nini, leo ningekuwa namwombea. Lakini nyota mbili anastahili. Au hapana: kuniachisha kunyonyesha mtoto wa miezi mitatu kwa kopo ambalo mjini halipatikani, hilo nalo ni kupatia?

Mtoto alipokaribia mwaka nilirudi kwake, maana kumwonjesha mwenyewe niliogopa. Safari hii alimpima mpaka masikio. Akasema wengi huachana na aleji hii kabla ya kuanza shule, tuanze na kitu kilichookwa vizuri chenye maziwa kidogo, maziwa yenyewe yasubiri. Akauliza nani aliniambia niache ng'ombe mimi badala ya kumwachisha mtoto. Nikasema nesi.

"Alifanya vizuri," akasema, akaandika. Samahani hakusema, lakini nilitoka nimeshampa nyota tatu moyoni.

Nikafika mapokezi. "Mama, faili lenu la zamani halionekani. Lipia tufungue jipya."

Moja.