Pikipiki ya zamani ya kufufua nyumbani: ununue ipi kwanza?

Kila mara kuna mtu ananiuliza anunue pikipiki gani ya zamani ili aitengeneze mwenyewe uani kwake, na mara nyingi anakuwa ameshaipenda moja. Ameiona chini ya mwembe, tangi lina umbo zuri, mwenyewe ana shida ya hela. Mimi humuuliza kitu kimoja: pistoni yake utaipata wapi? Akikaa kimya, namwambia asitoe hela kwanza.

Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho: spea zinazopatikana Kariakoo au Kirinyaga Road ya Nairobi, kazi ambayo mtu mwenye spana za kawaida anaweza kuimaliza, na makosa ambayo pikipiki itakuvumilia wakati unajifunza. Nimefufua nne nyumbani Tanga. Ya tano iko barazani, haina gurudumu la mbele.

Kabla ya injini, angalia kadi. Namba ya chesesi imegongwa kwenye shingo, pale usukani unapoingilia. Chukua kitambaa chenye dizeli, sugua uchafu wote utoke, kisha soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. Ukiona pamesagwa kwa grenda au rangi ya pale ni mpya kuliko kwingine, aga uondoke. Na kama jina kwenye kadi ni la marehemu, mambo ya mirathi yaishe kwanza. Nimeona pikipiki nzuri ikikaa miaka uani, haiwezi kutembea barabarani, kwa sababu mnunuzi alikubali maneno ya “tutamalizana baadaye” na ndugu wa marehemu hawakuelewana.

Nafasi ya kwanza: Honda CG125

Sina wasiwasi na hili. CG ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na Honda waliibuni wakiwafikiria watumiaji wa nchi kama zetu: mzigo mkubwa, vumbi, oili inayochelewa kubadilishwa. Ndiyo maana vali zake zinasukumwa kwa fimbo badala ya cheni ya taimingi, na cheni ya nyuma imefunikwa yote kwenye boksi lake. Injini yake ni cc 124, silinda moja, na ukiitazama vizuri utagundua umeshaiona mahali: bodaboda nyingi za Kichina zilizojaa mitaani, SanLG na wenzake, injini zao zimezaliwa na hii. Hapo ndipo faida ilipo. Ringi, gasketi, sahani za klachi, kabureta, hata bloku zima (silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka), utavipata duka lolote la spea za bodaboda. Ila usichanganye na Boxer au TVS. Hizo zina injini za ukoo mwingine.

CG ndiyo ya kwanza niliyoifungua kwa mikono yangu. Nilipoitoa bloku, mzee fundi wa jirani alikuja akachuchumaa, akaingiza kidole ndani, akakitoa akakitazama. “Mwanangu,” akaniambia, “hii imekula mchanga.” Aliyekuwa nayo alikuwa ameitupa chujio ya hewa. Mzee akanionyesha kitu ambacho nakifanya hadi leo: juu kabisa ya bloku, mahali ambapo ringi haifiki, hubaki ukingo mdogo wa chuma ambacho hakijalika. Pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu. Ukipita bila kukwama, pengine ringi mpya zitatosha. Ukikwama, bloku inataka kuchongwa.

Na hapa wengi wanakosea mpangilio. Usipeleke bloku kuchongwa kisha ndiyo utafute pistoni. Nunua pistoni kwanza, ya ukubwa uliozidi hatua moja. Huenda kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 hadi milimita 1.00, na namba imeandikwa juu ya pistoni. Mpe fundi mchongaji pistoni na bloku pamoja, aichonge bloku ifuate pistoni ile aliyoishika. Mimi bloku yangu nilichongewa karakana moja kwa makadirio ya macho. Injini ikawaka vizuri, na baada ya siku mbili ikaanza kugonga kama mtu anatwanga. Nikachonga upya, nikanunua pistoni ya pili.

Ukishaifunga, pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi: milimita 0.08 kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ya kuingiza na ya kutoa. Kilomita 500 za mwanzo usiikamue, na oili ya kwanza imwage mapema, kwa sababu itatoka na unga wa chuma.

CG za mwanzo zina umeme wa volti 6, na taa yake usiku ni kama kibatari. Watu wengi huihamishia kwenye volti 12 kwa kutumia sumaku, koili na CDI (kisanduku cha umeme kinachopangia plagi cheche) za bodaboda, na ni mabadiliko ninayoyaunga mkono, kwa kuwa unaondokana pia na platini, ile swichi ndogo ya zamani ya cheche inayolika. Peleka sumaku yako ya zamani dukani, uiweke kaunta pamoja na mpya, ulinganishe tundu la katikati na mfereji wa kabari kabla ya kulipa. Na ukibadilisha, badilisha vyote: balbu, honi, flasha, regyuleta, betri. Balbu moja ya volti 6 ukiisahau, itaungua usiku ule ule.

Nafasi ya pili: Vespa PX

Kama unakaa Unguja, Pemba au popote mwambao, pengine ungeiweka ya kwanza, na nisingekupinga. Unguja Vespa ni sehemu ya mji, na mafundi wanaoijua hawajaisha. Piaggio walianza kuitengeneza Italia mwaka 1946. PX ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. India nayo ilitengeneza ndugu zake kwa miaka mingi, Bajaj Chetak na LML, kwa hiyo spea za bei ya kawaida zinatoka huko.

Adui yake ni chumvi. Vespa haina chesesi ya mabomba. Bodi lenyewe la bati ndilo chesesi. Inua zulia la sakafu, kisha igonge sakafu yote kwa mpini wa bisibisi, sentimita kwa sentimita. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti nzito, kama unagonga boksi la karatasi. Bati la sakafu hubadilishwa kwa kuchomelea, ni kazi ya kawaida. Ila kama kutu imepanda hadi nguzo ya mbele inayobeba usukani, iache.

Iendeshe kwa gia ya pili kwenye mlima mdogo. Ikiruka gia yenyewe, kipande cha ndani chenye umbo la msalaba kimelika, na kukibadilisha lazima injini ipasuliwe. Spea yake ni ndogo, kazi yake ni ya siku nzima.

Injini yake ni ya tu-stroku, inayounguza oili pamoja na petroli, kwa hiyo mafuta yake ni mchanganyiko: oili ya tu-stroku mililita 20 kwa kila lita ya petroli, isipokuwa zile zenye tangi lake la oili. Na kitu kimoja cha usalama nitakisema kwa nguvu. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati tano. Usizifungue nati hizo tairi likiwa na upepo. Toa upepo wote kwanza, mpaka vali iache kabisa kupumua. Ukifungua na upepo ndani, rimu itakurukia usoni.

Nafasi ya tatu: Honda Cub, C50, C70 na C90

Hakuna chombo cha moto duniani kilichotengenezwa kwa wingi kuliko ukoo huu. Ulianza 1958, na mwaka 2017 Honda walifikisha milioni 100. Haina mkono wa klachi, unakanyaga gia tu, kwa hiyo hata mama yako anaweza kuijaribu uani. Ni nyepesi, injini unaitoa peke yako bila winchi. Bodi ni bati lililokunjwa, nalo huoza chini, karibu na maungio ya mkono wa gurudumu la nyuma. Chungulia pale kwa tochi.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu spea za injini yake halisi ni adimu huku. Njia wanayoifuata wengi ni kuiwekea injini ya Kichina ya cc 110 iliyolala, ambayo hukaa kwenye nati mbili zile zile za kushikilia injini. Inakwenda vizuri mno. Lakini namba ya injini imo kwenye kadi. Ukibadilisha injini, nenda na risiti ukarekebishe kadi TRA, au NTSA kama uko Kenya, kabla trafiki hajakuonyesha tofauti hiyo.

Nafasi ya nne: Yamaha DT125 na DT175

Naipenda DT kuliko zote, na ndiyo iliyonitoa machozi. Sauti yake asubuhi, harufu ya oili, jinsi inavyoamka injini ikishafika mzunguko wa kati. Nilinunua DT175 kwa mtu aliyeniapia kwamba ilikuwa inatembea kila wiki. Nikajaza oili kwenye tangi lake, nikaondoka kwa furaha. Njiani ikapunguza nguvu, ikalia mara moja, gurudumu la nyuma likajifunga. Ilikuwa imenoki: pistoni imekwama ndani ya bloku.

Nilipoifungua nikaona: oili ilikuwa kwenye tangi, ila bomba la kwenda kwenye pampu lilikuwa limejaa hewa. DT nayo ni tu-stroku, ila huchanganya oili yenyewe kwa pampu, mfumo ambao Yamaha wanauita Autolube, na pampu ikiwa na hewa pistoni inakwenda kavu. Kwa hiyo ukinunua DT, usiiendeshe kuja nayo nyumbani. Ibebe kwenye gari. Nyumbani toa hewa kwenye pampu mpaka oili itoke mfululizo bila povu, na hata hivyo tangi la kwanza la petroli lichanganye na oili kidogo kwa mkono, kwa usalama.

Angalia na sili za kreni, yaani za ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Moshi mzito mweupe usioisha baada ya injini kupata moto, huku oili ya giaboksi ikipungua bila kuvuja nje, maana yake sili ya upande wa klachi imekufa. Ikizunguka kwa kasi yenyewe bila wewe kuvuta mafuta, sili ya upande wa sumaku inanyonya hewa. Sili zenyewe ni bei ndogo, ila ile ya upande wa klachi mara nyingi unaifikia injini ikiwa vipande mezani. Na spea za bodi, yaani plastiki, kibebeo cha taa na saa, usitarajie kuzipata kirahisi. Nunua DT ambayo haina kilichopungua, hata kama haiwaki. Inayowaka ila imevuliwa nguo itakutesa zaidi.

Kama unaishi shamba na unataka injini ya aina hiyo bila maumivu, tafuta Yamaha AG100, ile ya mabwana shamba na miradi. Haina sura. Ina cheni iliyofunikwa, breki za ngoma mbele na nyuma, na kazi yake inaifanya.

Za Kiingereza: BSA, Triumph, Royal Enfield ya zamani

Ukibahatika kuikuta moja ghalani kwa mtu, ni hazina, na Nairobi utaona zilivyotunzwa zikipangwa kwenye Concours d'Elegance pale uwanja wa farasi wa Ngong. Ila isiwe ya kwanza. Nyingi zina nati za vipimo vya Kiingereza ambavyo spana zako za milimita zitavila kona, na spea ni za kuagiza. Fufua CG kwanza, mkono ukomae.

Hela na zana

Bei ya pikipiki ukishailipa, tenga nyingine kama hiyo kwa spea, matairi na rangi. Zana ya kwanza nje ya spana iwe bisibisi ya kugonga kwa nyundo, kwa sababu skrubu za vifuniko vya injini za Kijapani zimekaa miaka mingi, na bisibisi ya nyota ya kawaida itazila vichwa. Piga picha kila hatua kabla ya kufungua.

Tangi lenye kutu ndani lijaze siki, tia konzi ya nati kuukuu, tikisa, liache siku mbili au tatu, tikisa tena. Siki itatoka rangi ya chai ya mkandaa. Suuza kwa maji yenye bikabonati ya soda, anika juani mpaka likauke kabisa, kisha zungusha ndani petroli yenye oili kidogo, maana chuma kilichosafishwa hushika kutu tena kabla jua halijazama.

Kuhusu kubadilisha umbo, msimamo wangu ni huu: kwanza iwake, isimame kwa breki zake na itembee miezi miwili ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Baada ya hapo badilisha usukani, kiti, taa, ekzosi. Unachokitoa kihifadhi kwenye boksi, usikiuze. Chesesi usiikate nyuma kwa ajili ya kiti kifupi. Mkato mmoja wa grenda hauna dawa, na uzito wa abiria haujui kwamba umechomelea vizuri.

Siku ya kwenda kuitazama, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kwisha, sogeza kiganja karibu na ekzosi. Ukihisi joto, usibishane naye. Omba maji ya kunywa, kaa kivulini mzungumze habari za nyumbani, na ipoe kabisa ndipo umwombe apige kiki ya kwanza mbele yako.