Gotek ndani ya Amiga 500: uzoefu wangu

Kama unayo Amiga 500, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, na draivu yake imeanza kukwaruza flopi, nunua Gotek. Ila usiinunue ukitarajia kuichomeka na kuanza kucheza papo hapo. Kisanduku chenyewe ni cha kawaida sana. Kinachokipa thamani ni programu utakayoipandikiza ndani yake, na watu wengi wanaolalamika kwamba Gotek haifai huwa hawajafika hapo.

Kwa asiyeijua: ni kiigizi cha draivu ya flopi, chenye umbo na ukubwa wa draivu halisi ya inchi 3.5. Nyuma kina pini 34 za kebo bapa na soketi ndogo ya umeme, mahali palepale pa draivu ya zamani. Mbele, ambapo flopi ingeingia, kuna tundu la USB, vitufe viwili na kioo kidogo cha tarakimu tatu. Unaweka mafaili ya flopi kwenye flashi, unachomeka, na kompyuta inasoma ikiamini kuna flopi inayozunguka mara 300 kwa dakika. Haikubuniwa kwa ajili ya sisi wapenda mashine kuukuu. Ilibuniwa kwa mashine za kudarizi, mitambo ya viwandani na vinanda vya umeme ambavyo bado ni vizima lakini vinadai flopi, ilhali flopi mpya hazitengenezwi tena. Sony, walioileta flopi ya inchi 3.5 mwaka 1981, waliacha kuiuza Japani mwaka 2011.

Asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Gotek iliyotoka kiwandani haielewani na Amiga. Toleo linalopatikana kwa wingi, SFR1M44-U100K, linaijua flopi ya MB 1.44 ya PC tu, na linaikatakata flashi yako kuwa vipande vya ukubwa huo. Amiga 500 haina habari na mpangilio huo. Flopi yake ni ya KB 880: treki (duara za data) 80 kila upande, sekta (vipande vya duara) 11 kwenye kila treki, sekta moja baiti 512, jumla baiti 901,120. PC ikipewa flopi ya aina hiyohiyo huweka sekta 9 kwa treki. Tena PC huandika sekta mojamoja, wakati Amiga huandika treki nzima kwa mpigo. Kwa hiyo ukiifunga Gotek kama ilivyo, ule mkono ulioshika flopi kwenye skrini ya Kickstart 1.3, programu ya kuwashia iliyo ndani ya Amiga, hautaondoka, hata ujaze flashi kiasi gani.

Dawa yake ni FlashFloppy, fimwea (programu inayokaa ndani ya chipu ya kifaa) huria isiyolipiwa. Wauzaji wengine huiweka kabla ya kukuuzia, na kama huna hamu ya kushika vifaa vidogo, tafuta hao. Mimi nilichukua isiyo na kitu nikaipandikiza mwenyewe, kwa sababu nilitaka kujua kilichomo.

Kwanza fungua kisanduku usome maandishi yaliyo juu ya chipu kubwa. Za zamani zina STM32F105, za baadaye zina AT32F415 au AT32F435. FlashFloppy inazikubali zote, lakini programu ya kompyuta utakayotumia kuiingiza inategemea chipu, na maelekezo ya chipu moja hayafai kwa nyingine. Hili lisikupite, maana maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni yaliandikwa enzi za STM32 peke yake.

Njia niliyotumia haikuhitaji kulehemu chochote. Kwenye bodi kuna pini mbili ambazo ukiziunganisha kwa jampa, kile kikofia kidogo cha kuunganisha pini, chipu inawaka ikiwa kwenye hali ya kupokea programu. Kisha unahitaji kebo ya USB yenye vichwa vya dume pande zote mbili, ile ambayo kwa kawaida haina kazi nyingine duniani. Upande mmoja kwenye Gotek, mwingine kwenye kompyuta ya kisasa. Umeme unapitia kwenye kebo hiyo, kwa hiyo usiipe Gotek umeme mwingine wakati huo. Chipu inafutwa, fimwea mpya inaingia, unatoa jampa, basi. Fimwea ya kiwandani imefungiwa isisomeke, hivyo ukishaifuta huwezi kuirudisha. Sijaona sababu ya kuitaka. Zipo bodi za zamani zinazodai adapta ya serial na nyaya tatu nne. Hizo zina usumbufu kidogo zaidi, ila kazi ni ileile. Baada ya mara hiyo ya kwanza, kila toleo jipya unaliweka kwenye flashi na kuwasha huku umebonyeza vitufe vyote viwili. Ukiiwasha bila flashi ikaandika F-F, umemaliza.

Kufunga ndani ya Amiga ni rahisi kuliko inavyoonekana, ukiacha jambo moja nitakalolirudia chini. Unatoa skrubu za chini, unanyanyua kifuniko, unachomoa kibodi taratibu, unatoa draivu. Kebo bapa na waya wa umeme ni vilevile. Jampa ya kuchagua namba ya draivu iwe S0, maana Amiga inaiita draivu ya ndani DF0 na kebo yake haina ule msokoto wa kebo za PC. Angalia mstari wa rangi kwenye kebo ukae upande wa pini namba 1. Ukigeuza kebo bapa mara nyingi hakiharibiki kitu, taa tu inabaki inawaka mfululizo. Waya wa umeme ndio wa kuogopa. Gotek inatumia volti 5 peke yake, lakini kwenye soketi ileile zimo na volti 12, na ukichomeka ukiwa umesogea pini moja unaweza kuiunguza. Tumia tochi.

Sasa jambo lenyewe: uso wa Gotek haulingani na ubavu wa Amiga 500. Pale pana mwanya mwembamba wa flopi na nafasi ya kitufe cha kuitoa, na plastiki yenyewe imepinda. Kuna wanaokata. Tafadhali usikate. Maganda ya asili ya mashine hizi hayatengenezwi tena, na yale yaliyokatwa vibaya yapo mengi tayari. Ipo mikono maalumu ya plastiki iliyochapwa kwa printa ya 3D, inayoishika bodi ya Gotek kwa ndani na kuiacha USB ichungulie kwenye mwanya uleule. Yangu ilihitaji kupigwa msasa kidogo, lakini sijagusa ganda, na draivu ya asili imewekwa kabatini ikiwa nzima na skrubu zake.

Kitu ambacho ningekiweka mbele kuliko vyote katika matumizi ya kila siku ni skrini. Ile ya tarakimu tatu inakuonyesha namba tu: 000, 001, 002. Ukiwa na faili kumi unakariri. Zikifika mia mbili unahitaji daftari, na ukisahau daftari unabahatisha. FlashFloppy inakubali skrini ndogo ya OLED ya nyaya nne, ichomekwe kwenye pini zilezile za kioo cha tarakimu, na hapo inaandika jina la faili na folda. Ya inchi 0.91 inatosha. Mimi niko na ya inchi 1.3 kwa sababu ya macho, na hii inabidi uitaje kwenye faili la mipangilio, FF.CFG, kwa kuandika display-type = oled-128x64. Nyaya zinapita kwenye matundu ya hewa ya kifuniko na skrini inakaa juu, karibu na kibodi. Ongeza na kitufe cha kuzungusha badala ya vile vya kubonyeza. Kupekua folda kwa kubonyeza mojamoja kunachosha haraka. Kwa kuzungusha unapita herufi A hadi Z kabla hujamaliza kupiga mwayo.

FF.CFG ni faili la maandishi tu, unaliweka kwenye flashi na kulihariri kwa programu yoyote. Lina vipengele vingi mno, na vingi viache kama vilivyo. Nilivyobadilisha ni vichache. nav-mode = native, ili nione majina na folda badala ya namba. auto-select-file-secs = 0, kwa sababu bila hivyo ukisita kidogo wakati wa kupekua, inalichagua faili lililo mbele yako bila kukuuliza. Kwa 0 inangoja ubonyeze. Na step-volume, inayopandisha na kushusha sauti ya spika ndogo inayoigiza mlio wa kichwa cha draivu. Wengine wataona ni mchezo wa kitoto. Lakini Amiga isiyo na flopi hugonga tik, tik, tik, ikiuliza kama flopi imeingia, na bila mlio huo huwezi kujua kama mashine inasoma au imeganda. Mimi nimeiacha, kwa sauti ya chini.

Kuhusu flashi, usipoteze hela kwenye yenye kasi. Chipu ya Gotek inazungumza USB ya kasi ya zamani, na flopi ya Amiga inapitisha kilobiti 250 tu kwa sekunde. Flashi yoyote inazidi hapo. Chagua fupi, isiyochomoza ubavuni ikangoja kugongwa na kiwiko. Mpangilio wa FAT32 unakubalika, na hata GB 8 zinaweza kubeba maelfu ya mafaili ya ADF, yaani nakala za flopi za Amiga, faili moja kwa flopi moja.

Hili la kasi linawachanganya watu, kwa hiyo niliseme wazi: mchezo hautapakia haraka zaidi. Amiga inasubiri treki izunguke kama kawaida, sekunde 0.2 kwa mzunguko mmoja, na Gotek inaitii. Ulichokuwa unangoja dakika nzima, utakingoja karibu dakika nzima. Unachopata ni uhakika. Ule ujumbe wa kosa la kusoma, unaotokea pale tu umefika flopi ya tatu, kwangu umekwisha.

Michezo ya flopi nyingi inahitaji mpangilio kidogo. Yape mafaili majina yanayofuatana, yaweke kwenye folda moja, na mchezo ukiomba flopi ya 2 unazungusha hatua moja na kubonyeza. Gotek inajifanya imetoa flopi na kuingiza nyingine, Amiga inatambua. Wenye draivu mbili walizoea kuweka flopi ya pili DF1 wasiguse kitu. Kwa Gotek moja starehe hiyo huna.

Faida ambayo sikuipa uzito wakati wa kununua ni kunakili flopi zangu za zamani. Draivu ya kawaida ya PC haiwezi kusoma flopi ya Amiga, na hapo ndipo wengi hukwama na masanduku yao. Ukiwa na draivu ya nje ya Amiga iliyo nzima, unaiweka kama DF1, unaandaa kwenye flashi faili tupu la baiti 901,120 lenye jina la .adf, na unaiambia Amiga inakili kutoka DF1 kwenda DF0. Kwake yeye ni flopi mbili tu. Kwako ni faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Barua, michoro ya Deluxe Paint, vijiprogramu vya BASIC vya utotoni, vyote vimevuka hivyo. Kagua kila flopi kabla ya kuiingiza: yenye madoa ya ukungu itachafua kichwa cha draivu, na kichwa kichafu kitaikwaruza inayofuata. Na usichomoe flashi taa inapozimika tu. Amiga ina tabia ya kurudi kuandika kidogo baada ya kunyamaza. Subiri sekunde chache.

Ambacho hakivuki kwa ADF ni flopi za michezo zenye kinga ya kunakili. ADF inabeba data ya mpangilio wa kawaida peke yake, wakati kinga hizo zilijificha kwenye treki zilizoandikwa kwa makusudi nje ya mpangilio. Kuna muundo wa HFE unaohifadhi treki kwa undani zaidi, na FlashFloppy inausoma, lakini kuutengeneza kutoka kwenye flopi halisi kunahitaji kifaa kingine cha kusoma mawimbi ya sumaku moja kwa moja, kama Greaseweazle. Za aina hiyo bado ziko kwenye sanduku, na draivu ya nje ndiyo inayozisoma.

Kisanduku hichohicho kinaingia na kwenye PC za zamani. Nimekifunga kingine kwenye 486 na kilichobadilika ni mambo mawili: jampa ikahamia S1 kwa sababu ya msokoto wa kebo, na kwenye FF.CFG nikaandika interface = ibmpc, kwa kuwa pini ya 34 kwa PC hutangaza kwamba flopi imebadilishwa, ilhali Amiga huitumia kuuliza kama draivu iko tayari. Uso wake uliingia kwenye kesi bila kupigwa msasa.