Rollerball ya 1975: nusu ya kioo niliyokuwa sijaiona

Mwenzenu nilianza kwa kupewa isiyo yenyewe. Nilikwenda kwenye duka moja la kuwekea filamu kwenye flashi, hapa hapa karibu na soko kuu la Mtwara, nikamwambia kijana naitaka Rollerball, ile ya zamani, ya watu wanaozunguka kwenye duara na viatu vya magurudumu na pikipiki. Akanitazama kama nimeagiza santuri. Akabonyeza bonyeza, akachomeka flashi, akachukua 1,000 yake. Nafika nyumbani Chuno, nawasha, namwona kijana wa watu analala chali juu ya ubao wa magurudumu, anashuka nao kwenye barabara za San Francisco katikati ya magari. Nikajisemea labda ndio mwanzo wake, maana mwanzo mimi sikuwahi kuuona. Nikavumilia mpaka sehemu moja picha nzima inapogeuka kijani, sura za watu hazijulikani. Hapo nikazima.

Hiyo ni ile waliyoirudia mwaka 2002. Aliyeiongoza ni John McTiernan, yule yule wa Die Hard, ndiyo maana inauma zaidi. Mkiwekewa hiyo, irudisheni. Mimi nilirudi kesho yake na kijana hakubisha wala hakudai hela ya pili. Alichouliza ni kimoja tu: "Mama, hii ya 1975 ina sauti kweli?"

Ina sauti, mwanangu. Inaanza na kinanda cha kanisani.

Lakini ngoja niseme kwanza kwa nini mtu mzima mwenye kazi zake anahangaika na filamu iliyomzidi umri. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama yangu alikuwa anakaanga mihogo, mimi naiuza nje ya kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea video, kule Chikongola. Kiingilio cha watoto kilikuwa shilingi 20, ila sisi wasichana hatukuingia. Hakuna aliyetukataza kwa mdomo. Ungeingia tu, habari ingefika nyumbani kabla yako. Basi mimi nilikaa na beseni langu ubavuni mwa ukuta wa makuti, na makuti yale yalikuwa na tundu. Kwa tundu lile niliona nusu ya runinga, nusu ya kulia. Sinema zote za utoto wangu ni za upande wa kulia. Hata Bruce Lee kwangu ni mtu anayerusha teke kwenda kusikoonekana.

Maneno niliyapata kwa mkalimani. Kibanda kilikuwa na mtu wake, anakaa mbele na maiki, spika ya honi imefungwa juu ya mnazi, anaeleza kila kitu kwa Kiswahili. Kwa maelezo yake, Rollerball ni habari ya Komando Jona, ambaye kaka yake aliuawa na bosi wa mafuta, naye ameingia mchezoni kulipiza kisasi. Ikifika sehemu watu wamekaa wanaongea, alisema, "Hapa maneno ya mapenzi, tunaruka," akapeleka mkanda mbele, nasi tukasikia ule mlio wake, kisha pikipiki zikaanza tena. Hakuna aliyelalamika. Ninavyokumbuka, filamu nzima ilikwisha kabla mihogo haijapoa.

Kumbe ni ya saa mbili na dakika tano.

Nimeitazama na mtoto wa kaka, anayekaa kwangu kwa ajili ya shule. Huyu ni wa kizazi cha simu, filamu ikikaa dakika tatu bila mlipuko anaomba ruhusa ya kwenda kuchota maji. Mwanzo ulimkamata. Uwanja uko gizani, mtupu. Kinanda kinapiga Toccata na Fuga ya Bach, taa zinawashwa moja moja, mafundi wanakagua njia. Hakuna anayesema neno. Nikaona mtoto ameacha simu. Kisha watu wanajaa, timu zinaingia, wanasimama kwa wimbo, ila wimbo si wa taifa. Mataifa yamekwisha. Dunia inaendeshwa na makampuni: moja la nishati, moja la chakula, moja la usafiri, na kadhalika. Mji wa Houston ni wa Kampuni ya Nishati, na timu ni yao.

Mchezo wenyewe ni hivi. Njia ni ya duara, imeinuka kwa nje kama ukingo wa sinia. Tufe la chuma linafyatuliwa kwa mzinga, linazunguka juu ukingoni. Wachezaji wa viatu vya magurudumu wanalidaka, wanashika nyuma ya pikipiki za wenzao ili kupata kasi, wanalipeleka golini. Glovu zina njumu. Vipindi vitatu, kila kimoja dakika 20. Na hapa lazima nimpe mkurugenzi Norman Jewison haki yake: unauelewa mchezo bila kuelezwa. Mechi ya kwanza, Houston na Madrid, tulipofika kipindi cha pili mimi na mtoto tulikuwa tunabishana kama refa ameonea. Wale wanaoanguka ni watu kweli, wanaanguka kweli, juu ya mbao kweli, ndani ya ukumbi wa mpira wa kikapu uliojengwa Munich kwa ajili ya Olimpiki ya 1972. Kompyuta haijagusa kitu. Nimesoma kwamba baadaye walitokea waliotaka kuufanya mchezo halisi, na Jewison alichukia. Angekuja Chikongola angechukia zaidi. Kaka yangu na wenzake waliucheza kwenye sakafu ya ghala la korosho, bila viatu vya magurudumu, wawili wanavutwa na baiskeli, tufe ni chandimu waliyojaza mchanga. Mkono wake wa kushoto mpaka leo haunyooki vizuri. Mtoto wake alikuwa anajua mkono tu. Sababu yake ameijulia kwangu wiki hii.

Sasa ile sehemu ya "maneno ya mapenzi".

Jonathan E., anayechezwa na James Caan, jezi namba 6, amecheza miaka kumi na hajafa. Hilo ndilo kosa lake. Bosi wa Nishati, Bartholomew, anamwita ofisini anamwambia astaafu. Hapigi kelele. Anaongea kama mtu anayekuomba usogee kidogo kwenye benchi. Mzee huyo, John Houseman, ndiye aliyenitisha kuliko njumu zote, maana mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho, na nimeona watu wengi wakiambiwa mambo makubwa kwa sauti ndogo. Jonathan anauliza kwa nini. Hajibiwi. Anauliza tena, anapewa zawadi. Siri tunaipata taratibu: mchezo ulitungwa ili watu waone kwamba juhudi za mtu mmoja hazifiki popote. Mchezaji anatakiwa aumie, atoke, aje mwingine. Huyu amekaa mpaka watu wamelijua jina lake. Kwa hiyo wanabadili kanuni ili afe kihalali. Mechi ya Tokyo, hakuna adhabu. Mechi ya New York, hakuna adhabu, hakuna kubadilisha wachezaji, wala hakuna muda wa kumalizika.

Bartholomew yuko katikati ya kumweleza mtu jinsi Nishati inavyowatunza watu wote, umeme ukakatika. Naapa. Tukakaa gizani, watu wa mkoa wa gesi ya Msimbati inayofua umeme, mtoto anacheka mpaka anakohoa. Ulirudi baada ya saa moja na nusu.

Hadithi imewekwa mwaka 2018. Hilo nilikuwa silijui, na lilinifanya nirudishe nyuma kidogo, maana 2018 yangu naikumbuka kwa kilo. Ndio msimu ambao wanunuzi walitoa bei ya chini mnadani, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba serikali ikatangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba korosho. Mimi nilikuwa hapo kwenye mizani, na malori ya kijani yamepanga foleni. Waliotunga hadithi hii, maana ilianza kama hadithi fupi ya William Harrison mwaka 1973, waliwaza 2018 ya makochi meupe na runinga za kioo kikubwa na vioo vidogo juu yake. Runinga wamepatia karibu. Makochi bado nayasubiri.

Kuna mambo matatu sikuyategemea, na yote yalikuwa kwenye sehemu za kuruka.

La kwanza ni miti. Wako kwenye sherehe ya wakubwa, wanawake wamevaa magauni marefu, wamelewa. Alfajiri wanatoka nje na bastola inayorusha moto, wanapiga misonobari. Mti mmoja unalipuka, wanashangilia, wanahamia mwingine. Mimi ni mtu wa mikorosho. Mkorosho ukiungua hesabu zako zinaanza miaka mitatu mbele. Nilijikuta nimesema "jamani!" kwa sauti, mtoto akanigeukia. Kwenye mechi watu walikuwa wamekufa na sikusema kitu.

La pili ni Moonpie, rafiki yake Jonathan. Tokyo wanamvua kofia ngumu, wanampiga kisogoni. Ubongo umekufa, mwili unapumua. Daktari anamletea Jonathan karatasi atie saini ili mashine izimwe. Anasema kuna kanuni. Jonathan anakataa. Mkalimani wetu alituambia Moonpie ni mdogo wake na amepelekwa India kutibiwa! Nimeelewa kwa nini alisema vile. Kibanda kilijaa watoto.

La tatu, Jonathan anakwenda maktaba kutafuta vitabu. Vitabu havipo, vimefupishwa na kuingizwa kwenye kompyuta, na muhtasari ndio huo huo kila mahali. Anasafiri mpaka Geneva iliko kompyuta kuu, jina lake Zero. Mzee wa maktaba, Ralph Richardson, anamwambia kwa masikitiko ya kuchekesha kwamba karne ya 13 yote imepotea, hawaioni. Jonathan anauliza maswali yake kuhusu wakubwa na maamuzi yao, mashine inazungusha maneno, mzee anaipiga teke. Mtoto aliipenda sehemu hii kuliko mechi ya Tokyo. "Shangazi, hii ni ile programu ya kwenye simu," akasema. Na huyu ndiye wa kuomba kwenda kuchota maji.

Lawama zangu ninazo. Wanawake wa filamu hii ni kama makochi yale meupe. Wanagawiwa na kampuni, wanakaa, wanabadilishwa. Najua ndio ukatili wenyewe unaoonyeshwa, hata mke wa Jonathan, Ella, alichukuliwa na mkubwa mmoja aliyempenda. Lakini mkurugenzi naye hakuwapa la kusema. Ella anarudi mwishoni, Maud Adams amesimama vizuri sana kwenye mwanga, anaongea kama anasoma barua ya ofisi. Na kati ya Madrid na Tokyo kuna dakika nyingi za watu kutembea polepole kwenye vyumba vikubwa. Pigeni chai hapo.

Mwisho sitauficha, filamu imetimiza miaka hamsini. New York. Watu wanakufa mpaka njia inawaka moto na uwanja mzima, uliokuwa unapiga kelele kama siku timu yetu Ndanda ilipokuwa inacheza na Simba pale uwanja wa Nangwanda Sijaona na nusu ya Mtwara imevaa nyekundu, unanyamaza. Nimekaa jukwaani pale mara nyingi, na ule ukimya ninaujua. Unakuja machela inapochelewa, na yule aliyelala ni wa wapinzani, uliyekuwa unamtukana sasa hivi. Hujui mdomo uuweke wapi. Jonathan amebaki na mpinzani mmoja chini yake. Ameliinua tufe. Anamwacha. Anajikokota mpaka golini, analitia. Moja kwa sifuri. Kisha anaanza kuzunguka, na watu wanaanza kulitaja jina lake, kwa chini, halafu kwa juu, Bartholomew anatafuta mlango, picha inaganda usoni mwa Jonathan, Bach anarudi.

Uso huo uko upande wa kulia wa kioo. Huo niliwahi kuuona. Nilichokuwa nimekikosa ni alikotokea.

Usiku ule ule nikampigia kaka Masasi. Nikamweleza yote: hakuna kaka aliyeuawa, hakuna kisasi, jina si Komando Jona, na yule mdogo wake hakwenda India. Akanyamaza kidogo.

"Mdogo wangu," akasema, "wamekupa isiyo yenyewe tena. Kesho irudishe."