Darasa gani la mapishi ulilipie kwanza?

Mtu anayepika nyumbani kila siku akitaka kulipia darasa la mapishi, mara nyingi huchagua kwa macho: picha ya keki ya ghorofa tatu, au jina la nchi ya mbali. Mimi pia nilichagua hivyo, nikarudi nyumbani na kijitabu ambacho sikukifungua tena. Siku hizi nina kipimo kimoja. Je, kuna kitu pale ambacho sitakiweza mpaka mtu asimame kando yangu aitazame mikono yangu? Kama hakipo, video inanitosha. Madarasa haya nimeyapanga kwa kipimo hicho, kuanzia la kulipia kwanza.

1. Kisu

Najua halivutii. Hutabeba chochote kurudi nacho zaidi ya bakuli la vitunguu vilivyokatwa. Lakini karibu kila chakula kinaanzia kwenye ubao wa kukatia, na wengi wetu tulijifunza kushika kisu kwa kuiga wakubwa, makosa na yote. Mwalimu hodari ataanza na mshiko: kidole gumba na cha shahada vinabana ubapa pale unapokutana na mpini, vidole vingine vitatu ndivyo vinavyoshika mpini. Mkono wa pili unakunja vidole kwa ndani, ubapa ukipanda na kushuka kwenye vifundo huku ncha za vidole zikiwa salama nyuma yake. Ukiona hayo kwenye video utaamini nawe umeshika vivyo hivyo. Mimi niliamini, na darasani nilisahihishwa tena na tena, maana kila nilipoharakisha kidole cha shahada kilirudi juu ya mgongo wa kisu bila mimi kujua.

Hakikisha kunoa kumo ndani ya somo. Jiwe la kunolea la namba 1000 linatosha nyumbani, kisu kikilazwa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20. Kile chuma kirefu ambacho wapishi hupitishia kisu kabla ya kukata hunyoosha makali yaliyopinda tu. Kisu kilichokwisha makali hakiwezi kufufuliwa nacho. Kisu butu ndicho kinachojeruhi, kwa sababu huteleza juu ya ganda. Tena hukiponda kitunguu badala ya kukikata, na kadiri kitunguu kinavyopondeka ndivyo kinavyowasha macho. Uliza kama unaruhusiwa kwenda na kisu chako. Darasa linalokubali ni bora, kwani kisu utakachokishika kesho yake ni hicho hicho.

2. Moto na chumvi

Kwenye matangazo utaliona likiitwa darasa la misingi, na wengi huliruka wakisema misingi wanaijua. Nami nilisema hivyo. Kumbe nilikuwa nimejaza nyama kwenye kikaango kimoja miaka yote, kisha nashangaa kwa nini inatoa maji na kuwa ya kijivu. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na nyama iliyoloa haiwezi kupanda juu ya hapo mpaka maji yake yaishe. Ile rangi ya kahawia yenye harufu tamu huanza kuja kwa kasi kwenye nyuzijoto 140 hivi. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza kitendo hicho mwaka 1912, na bado kinaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo nyama inafutwa maji kwanza, kikaango kinapata moto, na vipande vinawekwa kwa nafasi. Maelezo ni sentensi moja. Kusikia tofauti ya mlio wa mafuta yaliyo tayari na yasiyo tayari, hilo linataka uwe jikoni na mtu anayekuambia, "Sasa."

Upande wa chumvi, tafuta mwalimu anayewaonjesha. Darasa zuri hutoa supu ile ile katika vikombe kadhaa: bila chumvi, yenye chumvi kidogo, yenye ya kutosha, kisha yenye tone la ndimu. Utajifunza pale kwamba chakula unachodhani kimekosa chumvi mara nyingi kinadai uchachu. Ningepewa nafasi ya kurudia darasa moja tu maishani, ningerudia hili. Nimeliweka nafasi ya pili kwa sababu moja tu: bila kisu chenye nidhamu, vipande haviivi pamoja hata moto ukiwa sawa.

3. Mkate

Unga haudanganyiki, na vidole haviwezi kufundishwa na maandishi. Hesabu ni rahisi: waokaji huhesabu kila kitu kwa asilimia ya unga, hivyo gramu 500 za unga, maji asilimia 65 na chumvi asilimia 2 ni gramu 325 za maji na gramu 10 za chumvi. Ugumu uko kwenye kujua donge limekandwa vya kutosha. Unavuta kipande mpaka kiwe chembamba kama utando, mwanga upite bila kuchanika. Na kujua limeumuka kiasi gani: unalibonyeza kwa kidole, shimo likirudi polepole bila kujaa lote, wakati wa oveni umefika.

Kabla ya kulipa, tazama saa. Mkate unataka muda mrefu wa kuumuka, kwa hiyo darasa la saa mbili linaweza kuwa zuri endapo tu mwalimu ameandaa madonge ya hatua mbalimbali tangu mapema: lililokandwa sasa hivi, lililoumuka sawa, na lililopitiliza. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa. Mwombe akuruhusu uliguse.

4. Kuku na samaki mzima

Ni darasa la mara moja, halihitaji kurudiwa, na faida yake huonekana kila unapokwenda kununua. Utajifunza kupitisha kisu kwenye maungio badala ya kupigana na mfupa, na mifupa inayobaki ni supu. Samaki ni mgumu zaidi, maana minofu inasamehe makosa machache. Mwalimu akianza kwa kumwosha kuku mbichi kwenye sinki, ujue hajafuatilia mambo ya usalama: maji yanayoruka hutawanya vijidudu jikoni kote, ilhali moto ndio unaowaua, nyama ikifika nyuzijoto 74 ndani kabisa.

5. Kuhifadhi na kuchachusha

Hapa naomba uwe mkali. Kuchachusha mboga kwa chumvi ni jambo la kufurahisha na ni rahisi: gramu 20 za chumvi kwa kilo moja ya kabichi, na kabichi ibaki chini ya maji yake. Kufungia vyakula kwenye chupa ni jambo jingine. Mbegu za bakteria wa botulizimu huvumilia maji yanayochemka, na kwenye chupa isiyo na hewa huamka na kutoa sumu isiyoonekana wala kunusika. Vyakula vyenye uchachu wa pH 4.6 au chini yake (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu huzidi) ni salama kuchemshiwa kwenye chupa. Visivyo na uchachu huo vinataka sufuria ya mgandamizo inayofika nyuzijoto 121. Mwalimu asiyetaja mambo haya, au anayepima siki kwa kukadiria, usimlipe.

6. Vyakula vya nchi fulani, na mapambo ya keki

Nimeviweka mwisho ingawa ndivyo vinavyojaa haraka. Darasa la nchi ya kigeni lina thamani likichimba jambo moja: saa tatu za kutengeneza tambi za mayai kwa mkono, yai moja kwa kila gramu 100 za unga, ni bora kuliko vyakula sita vya kukimbizana. Mapambo ya keki nenda kama unaoka mara kwa mara. Vinginevyo mkono utasahau ndani ya mwezi.

Katika yote haya, uliza maswali mawili kwa simu. Kwanza, kila mwanafunzi ana meza na jiko lake, au mnatazama tu? Shule kama Le Cordon Bleu, iliyoanzishwa Paris mwaka 1895, hufundisha kwa mpishi kuonyesha kisha wanafunzi kurudia wenyewe. Kuonyesha peke yake ni nusu ya somo kwa bei nzima. Pili, wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Wakizidi 12 mimi siendi, na kwa darasa la kisu nataka wasizidi 8.

Madarasa ya moja kwa moja kwa intaneti yanafaa kwa mkate, kwa sababu unatumia unga wako na oveni yako, na mwalimu anaweza kuliona donge ukilileta karibu na kamera. Kwa moto hayafai sana, maana hasikii kikaango chako wala hanusi. Na kama darasani kuna majiko ya umeme nawe nyumbani unatumia gesi, mwambie mwalimu siku ile ile, akuonyeshe dalili za kufuata kwenye chakula chenyewe, si namba za kitufe.