Wiki moja kwa tanga katika visiwa vya Whitsunday: chombo kizuri, picha za zamani

Mwezi Agosti tulikodi katamarani ya matanga, yaani chombo chenye matumbo mawili yaliyounganishwa, na kukaa nayo siku saba katika visiwa vya Whitsunday, vilivyo mkabala na pwani ya Queensland nchini Australia, ndani ya bahari ya Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, mdogo wake na mumewe. Hatukuchukua nahodha. Huduma yenyewe ni ya kukabidhiwa chombo mkakiendesha wenyewe, na taratibu za huko humruhusu hata mtu asiye na leseni kufanya hivyo, mradi apite kwanza katika mafunzo ya kampuni. Kodi hulipwa kwa dola za Australia kwa chombo kizima, si kwa kila kichwa, na juu yake kuna amana ya uharibifu ambayo si ndogo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu lalamiko langu kubwa naona linawahusu wengi katika biashara hii.

Nianze na walichokifanya vizuri, maana walikifanya vizuri sana. Mkufunzi wao alikaa nasi chomboni tangu asubuhi hadi alasiri. Hakutuonyesha swichi na mabomba kisha akatuaga. Alitutoa nje ya ghuba, akaniamuru nilikaribie boya la kufungia chombo kwa kuupinga upepo, nilishike, niliachie, nirudie. Mara ya kwanza nililipita, mara ya pili nililigonga, na hakuridhika mpaka nilipolishika mara mbili mfululizo bila yeye kusema neno. Alitufundisha kupunguza tanga kubwa kabla upepo haujazidi, wala si baada ya kuzidi. Mimi nimekulia karibu na maji na nilidhani najua kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kugeuzageuza tanga. Siku ile nilitambua kwamba kujua kubisha kwa chombo chepesi ni jambo moja, na kukigeuza chombo chenye matumbo mawili dhidi ya mkondo ni jambo jingine kabisa.

Baada ya hapo kampuni haikutuacha peke yetu. Kila asubuhi na kila alasiri tuliitwa kwa redio tueleze tulipo, tunapoelekea na hali ya chombo, nasi tukapewa utabiri wa upepo pamoja na ushauri wa ghuba ipi ingetukinga usiku huo. Masharti yalitutaka tuwe tumeshafunga boya au kutia nanga kufikia saa kumi jioni. Mwanzoni sharti hilo lilimkera shemeji yangu, aliyetaka kufaidi machweo akiwa kwenye usukani. Sababu yake tuliiona wenyewe siku ya pili. Jua linapokuwa juu na nyuma yako, bahari husomeka kama kitabu: buluu iliyokolea ni kina kirefu, kijani kibichi ni mchanga, na rangi ya kahawia au manjano ni mwamba unaokaribia uso wa maji. Jua likishuka mbele yako, maji yote huwa kioo kimoja kinachong'aa, na mwamba ulio nusu mita chini hauuoni kabisa.

Maji ya huko nayo yanataka heshima. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, hivyo mahali ulipopita asubuhi bila wasiwasi panaweza kukupwelesha adhuhuri. Visiwa hivi 74 kwa asili ni vilele vya milima ya bara vilivyozungukwa na bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu, na kati ya kilele na kilele maji hupita kwa nguvu. Katika mlango ulio kati ya kisiwa cha Hook na kisiwa cha Whitsunday tulikuta upepo wa kusini-mashariki ukigongana na mkondo unaotoka; mawimbi yalisimama wima, mafupi na ya ghafla, vikombe vikaruka kutoka mezani. Tungalisubiri saa mbili tu, tungalipita kwa utulivu. Kosa lilikuwa letu, kwani jedwali la maji tulikuwa nalo.

Upande wa pili wa kisiwa hichohicho cha Hook kuna Nara Inlet, ghuba ndefu na nyembamba iliyotulia kama birika. Kutoka ufukweni kuna njia fupi ya kupanda hadi kwenye pango lenye michoro ya watu wa Ngaro, ambao waliishi kati ya visiwa hivi kwa miaka ipatayo 9,000 na kuvuka mikondo hiyohiyo kwa mitumbwi ya magome ya mti. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Ufukwe wa Whitehaven, kilomita 7 za mchanga mweupe wa silika, ni mzuri kama unavyosifiwa, na kwa kuwa umeshasifiwa vya kutosha sina la kuongeza.

Hapo karibu ndipo mashine ya kuvutia nanga ilipokufa. Iliguna, ikanyamaza, na mnyororo ukabaki chini. Tulijaribu swichi yake kama tulivyofundishwa, bila mafanikio, hatimaye wanaume wawili tukauvuta kwa mikono, pingili baada ya pingili, hadi viganja vikachubuka. Fundi alifika kesho yake asubuhi kwa boti ya mwendo kasi na akabadilisha kifaa kwa muda usiofika saa moja. Nawashukuru kwa wepesi huo, ila kutu niliyoiona ndani ya kile kifaa cha zamani haikuwa ya wiki moja. Ukaguzi wa kweli ungeigundua kabla hatujaondoka.

Sasa nije kwenye matumbawe, yaliyotupeleka huko. Kijitabu cha kampuni kilikuwa na picha ya bustani ya matumbawe yenye matawi marefu ya zambarau na buluu, na chini yake jina la ghuba moja ya visiwa vya kaskazini. Tulifika ghuba hiyo mapema, tukafunga boya la umma, ambalo mchana huruhusiwi kulikalia zaidi ya saa mbili, tukavaa nguo za mpira kwa sababu ya baridi na tukazama. Chini yetu palikuwa na uwanda wa vipande vya kijivu, kama mifupa iliyomwagwa, na uwanda huo uliendelea mbali. Kimbunga Debbie kiliipiga pwani hii mwezi Machi 2017, na miamba ya kandokando ya visiwa vingi ilivunjwavunjwa na mawimbi yake. Juu ya hayo kuna joto la bahari: maji yakizidi joto la kawaida kwa wiki kadhaa, viumbe wa matumbawe huwatoa mwani wanaoishi ndani yao na kuwalisha, hubaki weupe, na hali ikiendelea hufa. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika kipindi cha nne cha kupauka kwa matumbawe duniani kote.

Hakuna kampuni inayoweza kulaumiwa kwa kimbunga. Ninachokilalamikia ni kwamba walijua, wakaendelea kuiuza picha ileile. Mke wangu alipanda chomboni akiwa kimya, nami nilielewa: alihisi amedanganywa, na kibaya zaidi alihisi kwamba hapakuwa tena na cha kuona. Lakini hilo si kweli. Nilizama tena pembeni mwa uwanda ule, nikakuta juu ya kipande kilichokufa tumbawe changa lenye umbo la meza, pana kama sahani, kingo zake zikiwa na weupe laini unaoonyesha mahali linapokua. Pono mmoja wa kijani, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, alikuwa akikwangua mwani kwenye jiwe la jirani, na mkwaruzo wa meno yake niliusikia waziwazi ndani ya maji. Nilimwita mke wangu ashuke aone. Tulielea pale mpaka muda wa boya ukaisha.

Wangetuambia ukweli huo mapema, tungekwenda tukijua tunatazama mwamba unaojijenga upya, na tungeelewa zaidi kwa nini maboya meupe yenye umbo la piramidi yamepangwa kuzuia nanga upande wa nchi kavu: mnyororo unaozunguka usiku mmoja husaga hasa matumbawe madogo kama lile.

Tulipokabidhi chombo nilimsifu mkufunzi kwa jina mbele ya wakubwa wake, nikaeleza habari ya nanga, kisha nikaacha ombi kwa maandishi: kila picha ya matumbawe kijitabuni iandikwe mwaka ilipopigwa.