Vepu ya kutupa: iliniwakia mfukoni katikati ya hitima

Vepu ya kutupa, ile sigara ya umeme, msinunue. Au kama lazima mnunue, msiingie nayo kwenye hitima. Nitaeleza.

Mimi naendesha gari ya wageni hapa Zanzibar, leo Nungwi, kesho Paje, na wageni wa siku hizi hawataki kusikia harufu ya sigara garini hata kama umevuta jana. Sigara nimeanza tangu skuli. Mke wangu ameshanisema mpaka kachoka. Mgeni mmoja ndiye aliyenionyesha hichi kidude: akavuta kidogo, madirisha yamefungwa, nikasubiri harufu inipige, nikasikia matunda tu. Nikasema ewaa, dawa yangu hii. Si dawa, mna nikotini ndani kama kawaida, lakini siku zile nilikuwa nataka kudanganywa, na anayetaka kudanganywa hakosi mtu wa kumdanganya.

Basi nikaenda Darajani, duka moja la vitu vya simu, nikachukua ya tikiti maji. Shilingi 25,000. Boksi limeandikwa mvuto 600. Wiki ya kwanza, wallahi, niliipenda. Hakuna kiberiti, hakuna jivu, hakuna kitufe. Unavuta, kitaa cha buluu kinawaka kwenye ncha, unaacha, kinazima. Siku nne nzima mke wangu hakugundua, na yeye ni mtu wa kunusa kofia yangu akajua urojo nimekula kwa nani. Ningeandika wiki ile mngesoma sifa tupu.

Ikaja hitima ya jirani yetu. Nyumba imejaa, tumekaa kwenye mikeka goti kwa goti, mimi ndani ya kanzu yangu nyeupe ya Idd. Kidude kiko mfukoni kwa sababu sikutaka kukiacha garini kwenye joto. Udi unafuka. Tuko katikati ya Yasini nikahisi paja linapata moto. Mwanzo nikadhani ni goti la mwenzangu. Moto ukazidi, kama mtu kanitumbukizia sambusa iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi. Nikatupa jicho chini. Kanzu inawaka buluu. Inawaka, inazima, inawaka tena. Sijakivuta, sijakigusa, kinajivuta chenyewe! Halafu ikatoka harufu: tikiti maji lililoungua, juu ya udi, juu ya Yasini.

Mzee aliyekaa kuliani kwangu akaniinamia taratibu. "Mwanangu, simu yako inaungua." Shemeji yangu, mstari wa mbele, akageuka. Maalim hakugeuka, lakini nilimwona shingo ilivyokaza. Nikanyanyuka, nikawa naruka magoti ya watu, mkono mmoja mfukoni, mfuko unametameta. Nje nikakitupa chini, kando ya pipa la maji. Kikaendelea kuwaka na kuzima peke yake uwani pale, mimi nakitazama kama mtu anayetazama nyoka, mpaka kitaa kikaanza kupepesa haraka haraka, kikafa. Pilau sikulila. Nilisikia lilikuwa zuri.

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana yupo, umri wa mwanangu wa pili, jicho halitoki kwenye simu. Nikamsalimia, akaitikia nusu salamu. Nikamweleza yote, hata habari ya hitima, nikidhani ataona aibu kwa niaba ya bidhaa yake.

"Imekufa hiyo, babu."

Babu! Nina miaka 48. Nikameza. "Haijafika hata siku kumi, mwanangu. Boksi linasema 600."

"Betri imekwisha. Hizi za kutupa. Ikiisha unatupa."

Nikaigeuza juu chini natafuta tundu la chaji. Halipo. Pembeni halipo, chini halipo. Chuma kitupu. "Sasa inachajiwa wapi?"

"Haichajiwi."

"Na kuniwakia mfukoni?"

"Utakuwa umeikalia." Kisha akainua macho kwa mara ya kwanza, na laiti angeyaacha chini. "Kwani babu, ukila ndizi ganda unalirudisha dukani?"

Wateja wawili wakacheka. Mimi nikatoka. Jibu lilinijia nimeshafika Michenzani: ganda la ndizi mbuzi anakula. Hichi kidude nani anakila? Lakini ndo hivyo, jibu zuri huja ukiwa peke yako kwenye gari.

Ningeishia hapo, nikampa nyota sifuri nikalala. Lakini nina mpwa wangu, ana meza ya kutengeneza simu Mchangani, nikampelekea nikidhani atanicheka. Hakucheka. Akakishika kwa koleo, akang'oa kile kifuniko cha chini, akavuta, na matumbo yote yakatoka kama utumbo wa ngisi. Kwanza pamba, imefungwa kwenye kijibomba, hudhurungi, imelowa chepechepe. Nusu ya maji bado yamo! Pesa yangu imekaa mle ndani inanukia. Katikati ya pamba mna kijiwaya kimesokotwa kama springi ya kalamu. Hicho ndicho kinachopata moto na kuchemsha yale maji. Halafu kidude cha duara, mfano wa kifungo cha shati. Halafu betri, ya fedha, ukubwa wa pingili mbili za kidole, na juu yake pameandikwa volti 3.7 na mAh 550, yaani kiasi cha umeme inachobeba.

Kumbe mwizi wangu ni kile kifungo cha shati. Ndani yake mna utando mwembamba sana. Ukivuta, hewa inauvuta ule utando, kichipu kinajua mtu anavuta, kinafungua njia, umeme unatoka kwenye betri unakwenda kwenye kijiwaya. Ndo maana hakina kitufe, pumzi yako ndiyo kitufe. Sasa mpwa wangu akakikandamiza kwenye karatasi ya chooni, ikatoka alama ya maji matamu. "Mjomba, hichi kimelowa. Kikilowa kinadhani kuna mtu anavuta." Maji yalivuja kutoka kwenye pamba, labda kwa joto, labda kwa kulala ubavu mfukoni, yakaingia mle. Kwa hiyo siku ile ya hitima kidude kilikuwa na yakini kabisa kwamba mimi navuta. Hasira zilinirudi upya. Nimekaa kwa adabu nasoma, na kitu kinanisingizia navuta!

Akaweka mita kwenye betri. 3.4. "Mjomba, betri iliyokufa haisomi hivi. Hii ina njaa tu." Akanieleza kwamba kichipu hukata umeme betri ikishuka kwenye volti tatu na kidogo, ili isiharibike, na kile kitaa cha kupepesa ndiyo taarifa yake. Betri yenyewe ni ya lithiamu, ndugu moja na ile ya simu. Inachajika! Si kwamba imetengenezwa isichajike, hapana. Imetengenezwa inachajika, kisha wakaizibia mlango. Hapo nilikaa kwenye kile kigoda chake nikanyamaza. Nilikuwa nimekuja na hasira ya 25,000 na aibu ya hitima, nikapata hasira nyengine kubwa kuliko zote mbili.

Maana sisi ni watu gani? Sisi ndio tuliokaa miezi mitatu bila umeme, kuanzia Disemba 2009, umeme unaotoka bara ulipokatika. Nani asiyekumbuka ile sauti ya majenereta mtaa mzima, na bei ya mafuta ya taa? Kisiwa hichi mtu akipata betri nzima anaitupa? Bibi yangu alikuwa anaanika betri za redio juani zipate nguvu ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Tukapiga hesabu pale pale, kwa sababu mpwa wangu anapenda hesabu na mimi nilitaka kisasi. Kijiwaya kikasoma omu moja na nusu, ndicho kipimo cha namna waya unavyozuia umeme. Betri ya 3.7 kwenye omu moja na nusu inatoa ampea mbili na nusu hivi. Betri ya 550 ikitoka kwa kasi hiyo inakwisha kwa dakika 13. Dakika 13 zote! Gawa kwa mivuto 600: sekunde moja na chembe kila mvuto. Huo si mvuto wa mtu mzima, huo ni mtoto anaonja chai ya moto. Kwa hiyo hata kama kifungo kisingelowa, 600 zile nisingeziona. Na siku ya hitima, kwa kuwaka na kuzima kule, kilichobakia kilinywewa chote na mfuko wa kanzu.

Nikamwambia chaji basi tuone. Akaniambia ngoja, si kwa kuunga waya za chaja ya simu, watu wanaungua hivyo. Chaja inasukuma volti 5, na hii isipite 4.2. Akatoa kibao kidogo cha buluu cha kuchajia betri za lithiamu, chenye ulinzi wake, akakiunga na betri kwa risasi ya kuchomea, akabadilisha na rizista moja ili chaji iende taratibu, kwa sababu betri ni ndogo. Ikachukua kama saa mbili hivi. Nimeshakunywa kahawa vikombe vitano Jaws Corner, nimerudi, mita inasoma 4.19. Haikuvimba, haikupata hata uvuguvugu.

Akanionyesha kwenye simu: watafiti wa University College London walizichukua betri za vepu za kutupa wakazichaji na kuzimaliza zaidi ya mara 700, bado zinafanya kazi. Matokeo walitoa 2023. Mara 700, na mimi nimeuziwa ya mara moja. Waingereza wenyewe wamepiga marufuku kuuza vepu za kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025. Nikajiuliza zilizokuwa zikiuzwa kule zimekwenda wapi, kisha nikaona bora nisijiulize, nina shinikizo la damu.

Sasa sikilizeni, na hapa ndipo ninapojichanganya. Ile betri iko ngazini kwangu. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, ngazi zake giza mchana, usiku ndo usiseme, na umeme ukikatika mama mkwe hashuki. Mpwa wangu kaifunga na taa ndogo ya LED kwenye kopo la kahawa. Betri iliyomalizwa na tikiti maji kwa dakika 13 sasa inawasha ngazi usiku kucha mpaka alfajiri. Mke wangu anaisifu kwa wageni. Hajui imetoka wapi. Kwa hiyo betri naipa nyota tano, bila ya maneno. Ni betri nzuri, ina nguvu, haina lawama. Lakini ndo hiyo hiyo inayonikera, ingekuwa mbovu ningesahau!

Kifungo cha shati, sifuri. Duka, sifuri, na ingekuwepo chini ya sifuri ningeiteremkia.

Na wale wanaosikia "tupa" wakatupa kweli: pale kwetu jaa linachomwa moto kila baada ya siku chache. Betri ya lithiamu hata iliyokwisha ikitiwa moto inaweza kuripuka. Watoto wanachokora pale wanatafuta shaba. Mimi zangu hazifiki kule, basi.

Wiki iliyopita, au ile ya nyuma yake, mpwa wangu akaniambia mjomba, ukipata nyengine niletee, nina wateja wa taa. Nikaona aibu kurudi dukani kule, lakini nyengine nitapata wapi? Nikaenda. Kijana yupo, jicho kwenye simu.

"Zile zilizokufa," nikamwambia, "watu wanakuachia hapa?"

"Za nini, babu?"

"Za kutupa."

Akanitazama vizuri sasa, kama mteja. Akainama chini ya kaunta, akatoa boksi la viatu. Limejaa. Buluu, nyekundu, za embe, za zabibu, za mnanaa. Alikuwa anaziweka siku zote!

"Mia tano moja," akasema.

"Ganda la ndizi, mia tano?"

Hakucheka. Wala hakukumbuka. Tukavutana kidogo, hakushuka hata kumi. Nikalipa 3,000 nikachukua sita, anaziweka kwenye mfuko taratibu, moja moja, kama mayai.

Na moja mpya, ya embe. Mke wangu msimwambie. Hii ina tundu la chaji, nimelitazama kabla ya kutoa pesa.