Mp3tag imenitoa tongotongo

Yakhe mie n'na nyimbo kama elfu 9 kwenye hadi diski, nyingi nilijazishiwa na duka moja Darajani, basi ukifungua unakuta Track 01, Track 01, Track 01 hadi uchoke, Bi Kidude kakaa fungu moja na bongo fleva na qasida! Nikashusha Mp3tag, programu ya kuandika maelezo ya nyimbo (jina, msanii, aina), bure kwenye Windows, na nyepesi hata kompyuta yangu kongwe inaibeba. Unachagua nyimbo mia kwa pamoja unaandika aina ya muziki mara moja unasevu, kwisha. Ile orodha ya zamani ya ID3 (yale maelezo yanayokaa ndani ya faili la MP3) ilikuwa na aina 80 tu na taarab haimo (polka imo haha), lakini hapa unaandika utakalo, mie nimetenga taarab asilia, rusha roho, kidumbak, zenji fleva, halafu inakupangia mafolda kwa aina, hapo ndo nilipoipenda khasa. Ubaya wake haisikilizi nyimbo ikajua nini ni nini, nyimbo za vikundi vya taarab, Culture na Ikhwani Safaa, nimekaa siku tatu nazisikiliza mwenyewe, na umeme nao ukakatika sijasevu. Nyota nne.